Kwa nini kisu cha Randall husubiriwa kwa miaka

ANAYEAGIZA kisu katika karakana ya Randall mjini Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, huweka malipo ya awali, kisha husubiri miaka kadhaa kabla ya kukitia mkononi.

Sababu si uhaba wa chuma. Tangu W. D. Randall aanze kazi hiyo katika miaka ya 1930, chuma hupashwa moto, kikafuliwa kwa nyundo, kikanolewa na kutiwa mpini kwa mikono. Mafundi ni wachache, na ustadi huo haupatikani kwa tangazo la kazi. Umaarufu ulikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi walipoviagiza. Oda zikazidi mikono.

Asiye na subira huwaendea wafanyabiashara walioagiza mapema, naye hulipa zaidi ya bei ya karakana.