Gombo, Uso na Mgongo: Jinsi Vyuo vya Kale Vinavyohesabiwa

Msomaji wa leo amezoea kwamba kitabu kina kurasa, na kwamba kila ukurasa una nambari yake, hata akitaka kumwonyesha mwenziwe neno fulani humwambia tu atazame ukurasa wa 46, na maneno yakaisha. Ama vyuo, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, aghalabu mwandishi wake hakutia nambari yoyote. Na maulamaa wanaovishughulikia, wawe wanasoma Kilatini, Kiarabu au Kiswahili cha khati za Kiarabu, hawahesabu kurasa, bali huhesabu magombo.

Gombo ni kipande kizima cha karatasi au cha ngozi kama kilivyoshonwa ndani ya jalada, chenye pande zake mbili. Ukurasa ni upande mmoja tu wa gombo hilo. Basi chuo chenye magombo 100 kina kurasa 200. Wazungu, kwa kufuata Kilatini, huliita gombo folio, na upande wake usomwao kwanza huuita rekto, na ule wa nyuma verso. Waarabu nao huliita waraka, na pande zake huziita wajhi na dhahri, ndiyo uso na mgongo. Atakaye kuandika kwa ufupi hutaja nambari ya gombo, kisha hutia herufi: r kwa uso na v kwa mgongo, au a na b kwa maana ile ile. Kwa hiyo 12b ni mgongo wa gombo la 12, na msomaji aliye mbali, akiandikiwa hivyo, hana haja ya kuuliza zaidi.

Sababu ya kuhesabu magombo badala ya kurasa ni kwamba ukurasa haupotei peke yake. Kinachochanika, kinacholiwa na mchwa, kinachouzwa au kushonwa mahali pasipo pake ni gombo, nalo likitoka hutoka na pande zake zote mbili. Fauka ya hayo, vyuo vingi vina kurasa tupu zisizoandikwa neno, na ahesabuye kurasa hushindwa kujua azitie hesabuni au aziruke. Lakini gombo ni gombo, liwe limeandikwa au ni tupu.

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba uso wa gombo ni lazima uwe mkono wa kuume. Katika kitabu cha Kilatini ndivyo ulivyo, kwa kuwa husomwa kutoka kushoto. Bali katika chuo cha khati za Kiarabu, ambacho hufunguliwa kutoka kuume, uso huwa kushoto na mgongo huwa kuume. Chukua msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono: aghalabu uso wa gombo la kwanza huachwa mtupu, au huandikwa jina la mwenye mali, na ukifunua, mbele yako zimekabiliana kurasa mbili zilizotiwa nakshi, kuume Al-Fatiha na kushoto mwanzo wa Al-Baqara. Jicho huziona kuwa ni pambo moja, na ni kweli mpambaji alizikusudia ziwe moja. Lakini katika hesabu ni magombo mawili, 1b na 2a, na siku uzi utakapokatika kila moja litakwenda njia yake.

Magombo nayo hayakushonwa moja moja. Mafundi walichukua vipande vipana, wakavikunja katikati na kuvitia kimoja ndani ya kingine hata kikawa kitita, kisha wakashona vitita pamoja. Waarabu walipendelea vipande 5, ambavyo hufanya magombo 10. Wazungu wa zama za kati walizoea vipande 4, ambavyo hufanya magombo 8. Katika kitita cha magombo 10, la kwanza na la kumi ni kipande kimoja, la pili na la tisa vivyo hivyo, na kila jozi ukiijumlisha hupata 11. Basi mchunguzi akikuta gombo la 8 halina mwenziwe upande wa pili wa uzi, hutambua kwamba lililopotea ni la 3, hata kabla hajasoma neno. Fauka ya hilo, waandishi waliweka alama yao wenyewe: chini ya mgongo wa gombo waliandika kwa mshazari neno litakaloanza gombo lifuatalo, na neno hilo lisipolingana na la mbele, pana gombo lililotoka au lililohamishwa.

Uhamisho huo si jambo la nadra. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mna magombo 2 ya msahafu, ya ngozi, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yameshonwa pamoja na magombo ya msahafu mwingine, mpaka mtaalamu Alba Fedeli alipotambua kwamba khati zake si moja. Matokeo ya kupima kaboni, yaliyotangazwa mwaka 2015, yaliiweka ngozi hiyo baina ya mwaka 568 na 645. Wataalamu huyanasibisha magombo hayo 2 na magombo 16 yaliyoko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, mjini Paris.

Wahesabuji nao hukosea. Kitabu cha Kells, Injili nne zilizotiwa nakshi zinazohifadhiwa Trinity College, Dublin, kina magombo 340, lakini nambari ya mwisho ni 339, kwa sababu nambari 36 ilitiwa mara mbili. Kosa hilo halikusahihishwa, ila gombo la pili lilitiwa nyota, maana kubadili nambari zilizokwisha kunukuliwa huwapoteza wasomaji.

Hayo yote yanatuhusu sisi wa pwani. Tenzi zetu zimetufikia kwa nakala za mkono, na nakala mbili za utenzi mmoja huweza kuhitilafiana kwa idadi na mpango wa beti. Kwa hiyo kutaja ubeti peke yake hakutoshi, sharti itajwe nakala, gombo na upande. Nakala nyingi zimehifadhiwa, mathalan zile alizokusanya mtaalamu wa tenzi J. W. T. Allen, zilizoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini nyingine zingali majumbani, katika makasha ya wazee.

Mwenye chuo cha namna hiyo nyumbani na asikipeleke kwa fundi wa jalada kabla hajakihesabu. Achukue kalamu ya risasi laini, wala si ya wino, atie nambari ndogo katika pembe ya juu ya uso wa kila gombo, upande wa kushoto, pasipo kuliruka lililo tupu wala kulirudisha lililohama pale adhaniapo ndipo palipo pake. Kisha apige picha pande zote mbili kwa mpango ule ule. Kupanga upya ni kazi ya baadaye, na huanza kwa hesabu iliyo sahihi.