Duma: Sahani ya Nairobi Isiyopata Haki Yake

Mwezi wa Agosti mwaka 2020, wakati mataifa mengi yamefunga mipaka kwa khofu ya korona na kumbi za starehe zimetiwa makufuli, ilitoka mjini Kampala sahani ya nyimbo tisa iliyopigwa na vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, mwenye sauti, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mwenye gitaa na mitambo. Waliiita kwa jina la kundi lao, Duma, ambalo kwa Kikikuyu ni giza, wala si yule mnyama wa nyika zetu za Serengeti. Wahakiki wa Ulaya waliipokea kwa sifa kubwa. Ama huku kwetu, ambako ndiko kwao, ilipita kimya, na katika redio zote nizisikilizazo hapa Makoko, mkoani Mara, sijapata kuusikia hata wimbo wake mmoja. Naona dhuluma katika jambo hilo, na maneno haya nayaandika kuwa ombi la insafu kwa kazi ambayo, kwa kadiri ya masikizi yangu, ni miongoni mwa kazi za ushujaa mkubwa kabisa zilizopata kutoka katika Afrika ya Mashariki karne hii.

Ili msomaji ajue sahani hii ni ya ukoo gani, hana budi kurudi nyuma hadi miaka ya 1980, pale vijana wa Florida, Marekani, walipoanza kupiga magitaa kwa kasi na uzito usio na mfano, wakaimba kwa sauti ya kunguruma juu ya mauti na uozo wa kaburini. Kundi moja lao, lililojiita Death, likatoa sahani yake ya kwanza mwaka 1987, na muziki wenyewe ukapata jina la metali ya mauti. Haukukaa sana ukavuka bahari hadi Uswidi, nchi ambayo sisi wa Mara tuliizoea kwa urafiki wa waziri wake mkuu Olof Palme na Mwalimu Nyerere wa Butiama, wala hatukuidhania kuwa na makelele kifuani. Huko Stockholm, katika studio iliyoitwa Sunlight, chini ya mkono wa mtayarishaji Tomas Skogsberg, kundi la Entombed lilirekodi sahani ya Left Hand Path iliyotoka mwaka 1990, na wenzao wa Dismember wakafuata mwaka wa pili yake.

Ufundi wao ulikuwa katika kitu kidogo ambacho yafaa tukitazame kwa karibu. Kampuni ya Boss ya Japani ilikuwa imetengeneza kijisanduku cha chuma cheusi, kiitwacho HM-2, ambacho mpiga gitaa hukiweka sakafuni na kukikanyaga kwa mguu ili sauti ya gitaa ikwaruzike kabla ya kufika kwenye spika. Kilikuwa na vifundo vinne vya kuzungusha, na mtu wa desturi angevizungusha kila kimoja kwa kiasi chake. Lakini wale vijana wa Uswidi, ama kwa utundu ama kwa ilhamu, walivizungusha vyote vinne hata mwisho, na gitaa likatoa mkoromo wa msumeno wa mashine ukipasua gogo la mninga. Kampuni yenyewe ilikiacha kijisanduku hicho mwaka 1991, kwa kuwa wanunuzi wengi hawakukithamini, na hivi leo wapigaji wa dunia nzima wanakitafuta kwa bei ya juu.

Nairobi nayo, tangu mwanzo wa karne hii, imekuwa na vikundi vya roki nzito vyenye wafuasi wachache walio waaminifu. Khanja alikuwa katika kimoja, Karugu katika kingine. Mwaka 2019 wakaenda Kampala katika studio ya Nyege Nyege, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 2013 na Arlen Dilsizian na Derek Debru, ambayo huandaa tamasha huko Jinja penye chanzo cha Nile, na ambayo mwaka 2017 ilikuwa imekwisha kuionesha Ulaya singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, kwa kutoa mkusanyiko wa studio ya Sisso. Ujirani huo na singeli si jambo la kupuuzwa. Kundi la metali kwa kawaida huwa na mpiga ngoma wa damu na nyama, ambaye mikono yake ina ukomo. Hawa wawili hawakuwa naye, wakaziachia mashine kazi ya ngoma, na mashine haichoki wala haihitaji kuvuta pumzi, kwa hiyo mapigo yao yakaenda kasi ambayo mtu aliyecheza singeli uwanjani ataitambua mara moja, ilhali mtu wa Stockholm ataishangaa.

Sahani hii haisikilizwi kwa spika ya simu, maana sauti za chini zote hupotea na kinachobaki ni ukelele mtupu. Atafutaye kuielewa avae visikilizio masikioni, au aazime ile spika kubwa ya mshereheshaji wa harusi, kisha awaombe radhi majirani. Wimbo wa kwanza, Angels and Abysses, haukubembelezi uingie. Katika Lionsblood ngoma zinakimbizana na kupandana, na sauti ya Khanja inazipita juu, mara ikinguruma kifuani, mara ikipanda kuwa ukemi mwembamba, hata msikilizaji asadiki kwamba waimbaji ni wawili. Upo na wimbo wenye jina la Pembe 666, ambalo kwa msomaji wa kitabu cha Ufunuo halihitaji ufafanuzi.

Najua jibu la wengi: hizo ni kelele. Lakini ukwaruzo wa sauti si jambo geni katika mkoa huu, na sikio la mtu wa Mara lilikwisha kusomeshwa zamani. Jirani zetu Wakuria wana ritungu, zeze kubwa la nyuzi nane na kifua cha ngozi, ambalo fahari yake yote ni mvumo mzito wa chini unaotetemesha mbavu za aliye karibu. Waluo wa Rorya wana nyatiti, na mpigaji wake, aliyekaa juu ya kigoda, huchezesha nyuzi kwa vidole, huimba, hutikisa njuga za mguuni, na kwa pete ya chuma iliyovaliwa kidole gumba cha mguu hugonga mti wa ala, kazi nne za mtu mmoja kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, Wagogo wa Dodoma, katika ilimba zao, hutoboa matundu na kuyaziba kwa utando wa buibui, makusudi ili kila noti itoke na mlio wa kukwaruza. Ndivyo alivyopiga marehemu Hukwe Zawose, na dunia ikamwita bingwa. Utando ule na kijisanduku cha Boss vinafanya kazi moja.

Ama huo mngurumo wa koo, watu hudhani ni kujichubua tu. Juu ya nyuzi za sauti, ndani ya koo la kila mwanadamu, kuna mikunjo mingine ya nyama ambayo katika mazungumzo ya kila siku hukaa bure. Mwimbaji aliyejifunza huitetemesha mikunjo hiyo kwa pumzi itokayo tumboni, na huweza kuimba hivyo miaka mingi bila madhara, ilhali asiyejifunza hupoteza sauti kwa usiku mmoja. Morani wa Kimasai katika nyimbo zao za kuruka hutoa milio ya koo iliyo karibu sana na hiyo, na watalii hulipa fedha kuisikia.

Limebaki shtaka zito zaidi, nalo ni la mauti. Wacha Mungu wataniuliza kwa nini kijana ashinde akiimba giza na kaburi. Nami nitawakumbusha kwamba katika fasihi yetu ya Kiswahili, yapata miaka mia mbili iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi, akauonesha moyo wake majumba ya fahari yaliyogeuka magofu, popo wakining'inia juu, miili ya mabwana ikiliwa na wadudu, na kisha akazitaja jahanamu moja baada ya moja. Nasi tunaufundisha utenzi huo mashuleni kwa heshima, kwa haki kabisa. Tofauti ipo, na insafu yanitaka niitaje: Sayyid alitisha ili watu watubu, ilhali Duma wanalionesha shimo wala hawaoneshi ngazi ya kutokea. Kwa msikilizaji mwenye moyo uliolemewa hilo laweza kuwa zito mno, na wimbo wa nane una jina ambalo singependa mtoto wangu alishike bila mtu mzima kando yake. Hata hivyo, ghadhabu iliyomo humu ni ya kweli, na vijana wetu wasio na kazi wanayo ghadhabu kama hiyo, ambayo nyimbo za mapenzi na za magari ya fahari haziwapi pa kuiweka.

Mwaka 2024 Khanja, sasa akiwa peke yake, alitoa sahani nyingine, The Adept, akamtukuza humo Muthoni wa Kirima, mzee wa ukoo wake, mwanamke aliyefikia cheo cha fildimasho katika vita vya Mau Mau msituni, aliyeziacha nywele zake bila kunyolewa tangu zama hizo hadi mwaka 2022, na aliyefariki mwaka 2023. Ni kazi pana zaidi, yenye wageni wengi, na huenda ikawa mlango mwepesi kwa anayeanza. Mimi ningemshauri aanze na ile ya mwaka 2020, kwa utaratibu wake, bila kuruka wimbo, mpaka ule wa tisa uitwao The Echoes of the Beyond, halafu azime mtambo na kukaa kitambo kabla ya kusema aliipenda au aliichukia.