MKWEZI AKIANGUKA: JINSI YA KUMWUGUZA ALIYEVUNJIKA MGONGO

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya kando ya ziwa huenda karibu kilomita 75 kabla ya kufika Rumonge. Kuliani kwake ni maji ya Tanganyika, kushotoni ni milima, na katikati, kila mahali palipo na udongo wa kutosha, imesimama michikichi. Watu wa Rumonge hupata riziki yao kwa mambo mengi, lakini mawili yanajulikana zaidi: samaki wa ziwani na mawese. Habari za mawese zimekwisha andikwa mara nyingi. Leo twataka kuandika habari za mtu anayeyafuata huko juu, yaani mkwezi, na hasa habari za siku ile anapoanguka.

Mchikichi ni mti wa shina moja, tena hukua kwa kilele tu. Mikungu yake hutokea kati ya makuti, huko huko kileleni. Kwa hiyo kila mwaka upitao mkwezi hana budi kupanda juu kidogo kuliko mwaka uliopita. Mchikichi mchanga huvunwa na mtu aliyesimama chini. Mchikichi mzee waweza kupita mita 15, na mtu huukwea kwa kamba iliyozungushwa shinani na kiunoni, panga mkononi. Wakati wa masika shina huteleza. Kamba iliyochakaa hukatika, kuti bovu hung'oka, na mtu huja chini. Walio na bahati huvunjika mkono. Wengine huvunjika mgongo, na hao ndio tunaowasema hapa.

Uti wa mgongo ni nini?

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana pamoja. Katikati ya pingili hizo mna tundu, na ndani ya tundu hilo hupita ugwe laini utokao katika ubongo, mnene kama kidole chembamba. Ugwe huo ndio njia ya habari. Ubongo ukitaka mguu uinuke, amri hupita humo. Mguu ukikanyaga mwiba, maumivu hupanda kwa njia hiyo hiyo. Pingili zikivunjika na kuukata au kuuponda ugwe, habari hazipiti tena. Sehemu zote zilizo chini ya mahali palipoumia hupooza. Mtu akiumia kiunoni au kifuani, hupooza miguu. Akiumia shingoni, hupooza mikono pia, na akiumia juu sana shingoni, hata kuvuta pumzi kwaweza kumshinda.

Basi tuweke jambo moja wazi tangu mwanzo. Mfupa uliovunjika huunga, lakini ugwe uliokatika, hata leo, hakuna daktari duniani awezaye kuuunganisha ukawa kama zamani. Ndiyo sababu uuguzi ni jambo kubwa hapa kuliko dawa. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hafi kwa sababu ya kule kuvunjika. Hufa baada ya wiki au miezi, kwa vidonda, kwa mkojo mbaya au kwa mapafu. Na mambo hayo matatu huweza kuzuiwa kwa mikono ya watu.

Saa ya kwanza

Mtu akianguka, watu hukimbilia kumwinua. Mmoja humshika makwapani, mwingine miguuni, wakamkalisha. Kisha humpakia juu ya baiskeli au pikipiki. Nia yao ni njema, lakini pengine ugwe ulikuwa umeumia kidogo tu, na kule kumkunja ndiko kunakoumaliza. Haraka haraka haina baraka, na hapa ndipo methali hiyo inapoonyesha ukweli wake.

Mwulize kwanza: Je, waweza kuchezesha vidole vya miguu? Wasikia nikikugusa hapa? Mgongo au shingo yauma? Akisema hasikii miguu, au mgongo unamwuma sana, au akiwa amezimia, mhesabu kuwa amevunjika mgongo. Asikalishwe, asibebwe mgongoni. Waiteni watu wanne au watano. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili kielekee sawa na mwili, naye ndiye atoaye amri. Wengine wapige magoti upande mmoja, washike bega, nyonga na miguu. Amri ikitolewa, wamgeuze wote kwa pamoja, kama gogo linavyobiringishwa, bila kiuno kupinda. Ubao au mlango uingizwe chini yake, kisha wamrudishe juu ya ubao huo. Nguo zilizokunjwa ziwekwe huku na huku kichwani kisichezecheze. Akitapika, ageuzwe vile vile kama gogo. Asinyweshwe wala kulishwa njiani. Tena jambo dogo lenye maana: toeni funguo, kisu na fedha mifukoni mwake. Hasikii, na kitu kigumu alicholalia kwa saa chache huanzisha kidonda.

Kazi ya kumgeuza

Sasa mgonjwa yuko hospitali, ama ya Rumonge ama zile kubwa za Bujumbura. Daktari hufanya yake, na nesi hufanya yake. Lakini sote twajua desturi ya hospitali zetu: kando ya kitanda yupo umurwaza, yaani ndugu aliyekuja kumwuguza, mara nyingi mama, mke au dada. Yeye ndiye anayepika, anayeosha, anayekesha. Na siku ya kurudi nyumbani, nesi hubaki hospitali, umurwaza huondoka na mgonjwa. Kwa hiyo yale yafuatayo si elimu ya manesi peke yao.

Mtu mzima akilala usingizini hujigeuza mara nyingi bila kujua, kwa kuwa mwili wenyewe humwambia, "Hapa pamechoka." Aliyepooza haambiwi. Hulala palepale, uzito wake ukiibana ngozi juu ya mfupa hata damu isipite, na nyama ile hufa. Mahali pa kuangalia ni kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, makombe ya mabega, viwiko na kisogo. Kwanza huonekana alama nyekundu, au penye ngozi nyeusi sana, mahali palipogeuka rangi, pakawa pa moto au pagumu kwa kuguswa. Kama ukipabonyeza na rangi haiondoki, jua kidonda kimekwisha anza. Usipasugue, maana kusugua huzidi kuiumiza nyama. Mwondolee uzito pale mpaka papone.

Dawa ya vidonda hivyo ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Mto uwekwe kati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka ziwe kavu wala zisiwe na mikunjo. Chakula kiwe na maharage, ndagala au mayai, kwa kuwa ngozi haijengwi kwa muhogo mtupu.

Saa mbili si neno gumu kulitamka, lakini tufanye hesabu. Ni mara 12 kwa siku, mara 84 kwa juma, mara 360 kwa mwezi wa siku 30. Nani awezaye kufanya hivyo peke yake? Mama mmoja akiachiwa kazi hiyo, usiku wa nne atapitiwa na usingizi, na si kosa lake. Kidonda kitakachotokea ni kosa la jamaa wote waliolala.

Hapa pana kazi ya mwanafunzi. Chukua karatasi, chora mistari, andika saa zote za siku na usiku, upande mgonjwa atakaolalia, na jina la atakayemgeuza: baba, kaka, shangazi, jirani, nawe mwenyewe. Itundike ukutani. Kila amgeuzaye atie alama. Karatasi hiyo ni ya bei ndogo, lakini yaweza kuokoa maisha ya mtu.

Mkojo, mapafu na viungo

Adui wa pili ni mkojo. Kibofu cha aliyepooza hujaa bila yeye kujua, au humwaga wakati wowote. Mkojo ukikaa sana hurudi juu na kuharibu mafigo. Manesi humfundisha mgonjwa au ndugu yake kutoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa nne mpaka sita. Sharti la kwanza ni kunawa mikono kwa sabuni, na kwetu Rumonge, ambako sabuni hupikwa kwa mawese yetu wenyewe, hapana udhuru. Kama mpira ni wa kukaa daima, mfuko wake uwe chini ya kitanda, usipandishwe juu ya kibofu. Mgonjwa anywe maji vizuri kwa kadiri atakavyoelekezwa. Choo kikubwa nacho kizoeshwe saa moja ile ile ya siku.

Yuko mgonjwa wa kuangaliwa zaidi, aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua. Mtu huyo akiumwa kichwa ghafula kwa nguvu, akatoka jasho usoni, damu yake imepanda, naye yu hatarini. Mkalishe kama daktari amekwisha ruhusu kukaa, legeza nguo, kisha tazama: mara nyingi kibofu kimejaa au mpira umejikunja. Lisipotulia mara moja, mwite nesi upesi.

Adui wa tatu ni kulala tu. Makohozi hujaa kifuani. Basi mgonjwa avute pumzi ndefu na kukohoa mara kwa mara. Viungo hukauka, basi kila kiungo kikunjwe na kunyoshwa polepole kila siku, asubuhi na jioni. Tena asiwekewe chupa ya maji ya moto miguuni wala jiko la makaa karibu, kwa maana ataungua asijue.

Habari za mchimba makaa

Wengine husema: "Kazi yote hiyo ya nini, naye hatatembea?" Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1917, kijana mmoja aitwaye Ludwig Guttmann alikuwa akisaidia hospitalini huko Ujerumani. Akaletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Guttmann akaambiwa asihangaike kuandika habari zake nyingi, maana atakufa baada ya wiki chache. Na kweli, baada ya wiki kama tano alikufa. Katika vita ile ya kwanza ya dunia askari wengi mno walioumia hivyo walikufa vivyo hivyo.

Guttmann akawa daktari. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alikimbilia Uingereza mwaka 1939. Tarehe 1 Februari 1944 alifungua wodi ya waliovunjika migongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa mpya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alipita usiku kuhakikisha. Aliangalia mikojo, akawapa wagonjwa kazi na michezo. Wagonjwa wakaacha kufa. Tarehe 29 Julai 1948 aliwashindanisha wagonjwa 16 kwa upinde na mishale. Na kutoka shindano hilo dogo yametokea yale mashindano makubwa ya Paralimpiki, ambayo yalianza Roma mwaka 1960. Kenya ilipeleka watu wake mwaka 1972, na Burundi mwaka 2008.

Basi jibu la swali lile ni hili: asiyetembea si maiti. Mkwezi aliyepooza miguu ana mikono na akili. Aweza kuuza dukani, kushona, kutengeneza redio, kufundisha watoto wake. Akiwa na kiti cha magurudumu ajiinue kwa mikono kila nusu saa au kabla yake, ili ngozi ya makalio ipumzike. Na kuna adui wa nne asiyeonekana, nao ni ukiwa. Usimsemee mgonjwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mwulize shauri la nyumba kama ulivyomwuliza zamani.

Wengine wanaohitaji mikono ile ile

Sheria hizi hazimhusu mkwezi peke yake. Mzee aliyepigwa na kiharusi, mtoto aliyezimia kwa malaria iliyopanda kichwani, mtu aliyeumia kichwa barabarani: wote hao hugeuzwe, hukaushwe, huzungumzwe nao. Ila kwa aliyezimia ongeza jambo moja: asitiwe uji wala maji kinywani, kwani yataingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu, njia ya pumzi iwe wazi, apelekwe hospitali bila kukawia.

Na kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, kila mwenye shamba la michikichi aikague kamba kabla mtu hajapanda, asimpandishe mtu mvua ikinyesha, na miti iliyozeeka mno aikate apande mingine mifupi. Mkungu wa mchikichi ukibaki juu leo, utashuka kesho. Mtu akishuka vibaya, jamaa yake yote yapaswa kujua kugeuza, kuosha na kukesha kwa zamu.