Hapana dada, mtoto hajanishinda

Januari nilifanya kosa. Nilituma kwenye grupu la ukoo picha ya binti yangu kavaa koti la kuazima, nyuma yake jengo la matofali mekundu, theluji imemfika magotini. Chini nikaandika, "Tumetoka usaili wa shule ya bweni." Hata gari sijawasha, dada yangu mkubwa ameshajibu kutoka Dodoma: "Kwani mtoto amekushinda?" Shangazi akadakia kwamba hata serikali imekataza watoto kulala bweni. Shikamoo shangazi. Agizo lile la 2023 ni la darasa la nne kushuka chini. Huyu wangu alikuwa darasa la nane, na kiatu anavaa namba kubwa kuliko yangu.

Ningenyamaza, ila huku nako nilikuta yaleyale. Jirani yangu hapa Worcester, Marekani, bibi mwema kabisa, aliposikia neno bweni alinishika mkono: pole sana, alifanya nini? Vichwani mwa watu wa huku shule za bweni ni za aina mbili, za watoto wa matajiri na za kunyoosha walioshindikana. Gari langu analiona kila siku, kwa hiyo akachagua aina ya pili. Na rangi yangu, nadhani, ilimrahisishia.

Kwa hiyo naandika hapa mara moja, nisirudie tena kwa voisi.

Kwetu hakuna cha kueleza. Unafanya mtihani wa darasa la saba, majina yanatoka, unajikuta umepangiwa Ilboru, Kilakala, Msalato au Tabora, unapewa fomu, unanunua tranka. Yangu siitaji maana ilikuwa na panya. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Namba iliuliza, namba ikajibu.

Huku sasa. Shule hizi ni kongwe. Phillips Academy ya Andover ilianzishwa 1778, katikati ya vita vyao vya uhuru, na miaka mitatu baadaye baba mdogo wa yule mwanzilishi akaanzisha ya kwake, Phillips Exeter, kule New Hampshire. Nyingine nyingi zimetapakaa kwenye vilima vya New England. Ada ya wanaolala bweni kwenye hizo kubwa inazidi dola 60,000 kwa mwaka, na bado wanaoomba ni wengi kuliko nafasi mara nyingi. Mtihani upo, unaitwa SSAT, una hesabu, ufahamu na maneno magumu ambayo hata Mwingereza hayatumii akinunua mkate. Lakini ukidhani mtihani ndio unaoamua, umeshapotea kama nilivyopotea mimi.

Wanataka insha za mtoto, kadhaa. Wanataka barua ya mwalimu wa hesabu na ya mwalimu wa Kiingereza, tena mzazi usizione. Wanamhoji mtoto peke yake, halafu na wewe peke yako. Wanauliza kama kuna ndugu aliyewahi kusoma hapo. Kisha wanamtaka mzazi aandike kwa maneno yake mtoto wake ni nani. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakaa mezani na chai yangu, nikaandika: ni mtoto mzuri, ana heshima, anasali, anasaidia kazi za nyumbani, hana makundi. Mistari minne. Binti yangu akaisoma begani kwangu akasema, "Mama, hapa umemtafutia mtu dada wa kazi."

Mimi nimelelewa kwamba mtoto wako humsifu mbele ya watu. Ukimsifu unamtafutia jicho, au unaonekana huna adabu. Hawa wanataka nimwage sifa kurasa mbili, halafu mwishoni niwape na kasoro moja, ila iwe kasoro nzuri.

Nikaanza kutafuta huu utaratibu ulitoka wapi, na nilichokikuta hakikunituliza. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Harvard na wenzake waliingiza wanafunzi kwa mtihani zaidi. Ukifaulu umefaulu. Tatizo, kwa macho yao, likawa kwamba watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi wanafaulu mno. Mwaka 1922 rais wa Harvard, Abbott Lawrence Lowell, akataka Wayahudi wawekewe kiwango. Walimu wake hawakukubali jambo hilo liandikwe waziwazi hivyo. Ilipofika 1926 wakaja na njia ya pembeni: mwombaji alete picha, aangaliwe tabia, aangaliwe anatoka wapi, aandikiwe na watu wanaomjua. Yale na Princeton nao walipita njia hiyohiyo. Shule za bweni ndizo zilizokuwa zikivilisha vyuo hivyo, na maneno yale ya tabia na mtu kamili ndiyo ninayokutana nayo leo kwenye fomu. Kwa maana hiyo usaili ninaoutolea jasho ulibuniwa ili watu kama mimi wabaki nje, na sasa wanautumia kutafuta watu kama mimi. Nicheke au nilie?

Kabla hujashangilia mtihani wetu, dada, kumbuka kwamba Tabora nako wakoloni waliiweka kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeingia pale 1937, alikuwa mtoto wa chifu. Akili alikuwa nazo, hakuna ubishi, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Hata hivyo leo bado naona namba ni ya haki kuliko insha. Nitabadilisha mawazo nikirudi likizo nikaona foleni za masomo ya ziada.

Niwape haki yao kwenye pesa. Andover na Exeter zimetangaza kwamba zikiamua nani aingie haziangalii mfuko wa mzazi, na anayeshindwa ada anapunguziwa. Zipo nyingine nazo zenye misaada minono. Tulijaza fomu ya mapato iliyoniuliza hadi gari lina umri gani. Na masomo ni mazuri, sibishi. Exeter wana ile meza ya umbo la yai, watoto kama 12 na mwalimu mmoja, hakuna wa kukaa nyuma. Ilitokana na tajiri wa mafuta, Edward Harkness, aliyewapa fedha 1930 kwa sharti kwamba wafundishe kwa namna mpya. Mwenzangu wa nyuma ya darasa, aliyelala tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, angeipata habari yake hapo.

Lakini kitu nilichokishangaa kuliko vyote ni kutembea kinyumenyume. Ukifika kutembelea shule unapewa mwanafunzi wa kuwazungusha, naye anatembea uso kwenu, mgongo kwenye njia, karibu saa nzima. Anaeleza maktaba huku anarudi nyuma. Anaeleza bwawa la kuogelea huku anarudi nyuma. Barafu ipo chini, yeye anarudi nyuma, anatabasamu, anajua ngazi ziko wapi kwa kisigino. Maelezo yote ya kitaaluma yalinipita kwa sababu nilikuwa namwangalia miguu, nasubiri aanguke nimdake. Hakuanguka. Wazazi wengine walimwona kama jambo la kawaida. Nilimuuliza kama kuna anayewafundisha, akacheka akasema mtu anazoea tu.

Tuliporudi nyumbani binti yangu akaanza kufanya mazoezi. Siku tatu mfululizo alikuwa anapita sebuleni kinyumenyume akimtembeza mdogo wake: "Upande wako wa kulia ni kabati la vyombo, limekuwepo tangu 2014." Mdogo wake, ana miaka tisa, akauliza swali la kimzazi kuhusu chakula. Siku ya tatu chupa ya chai ilipigwa teke, na zulia lina alama hadi leo. Huyu mdogo ndiye aliyelipokea jambo hili kuliko wote. Siku hiyohiyo ya usaili alipima chumba cha dada yake kwa futi ya kushonea, akaniletea mchoro wa mahali kitanda chake kitakapokaa.

Kuhusu usaili wenyewe. Nilikaa nje kwenye kochi lililo laini mno, nikisoma majina ya wahitimu ukutani. Alipotoka nikamuuliza umeulizwa nini. Akasema ameulizwa akija kuishi bweni ataleta nini. Umejibu nini? "Ndoo."

Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe yule mama msaili alinyamaza kidogo, akauliza kwa nini ndoo, na binti yangu akafungua kopo lote: hadithi zangu za foleni ya bomba, za njuka kubebeshwa maji ya kidato cha nne, za ndoo yangu iliyoibwa Jumamosi nikaiona Jumapili ina jina la mtu mwingine. Mambo ambayo nimeyasimulia jikoni kwa miaka, nikidhani kichwa chake kiko kwenye simu. Msaili alikuja kuniambia mwenyewe, macho yanang'aa, kwamba kwa muda mrefu hajasikia jibu kama lile. Nilitabasamu. Machi 10, siku ambayo shule nyingi za aina hii hutoa majibu, barua ilisema amekubaliwa, na msaada juu. Kwa hiyo mateso yangu ya kidato cha kwanza ndiyo yaliyomlipia ada, na mimi sijapewa hata cheti.

Dada, nilitaka nieleze pia habari za walimu kuishi na familia zao ndani ya mabweni, na kwamba kuna shule inaitwa Northfield Mount Hermon ambako kila mwanafunzi lazima afanye kazi, jikoni au shambani, ungeipenda. Tutaongea kwa simu. Anaondoka wiki ijayo na sijamaliza kushona lebo kwenye mashuka.

Jana tulikwenda kununua vitu. Orodha ya shule imekataza pasi, birika na mishumaa, na ndoo haikuigusa. Alichukua ya rangi ya chungwa, ile ya mafundi rangi, na kifuniko chake. Anasema ni ya kubebea sabuni na taulo kwenda bafuni. Mdogo wake alimwandikia jina ubavuni kwa kalamu nene, herufi kubwa, na nyota mbili. Nikamwambia aigeuze aandike na chini kwenye kitako, halafu ndani ya kifuniko.