Tundu kuukuu la kasuku: kutu haina hatia, mng'aro unayo

Wageni wa mashirika wanapomaliza mikataba yao Bujumbura, vyombo vyao huingia mitaani: friji, vitanda vya watoto, na matundu ya ndege. Aliyenunua tundu la namna hiyo hulipeleka Buyenzi kwa fundi wa kuchomelea, kisha huanza kuuliza. Kutu hii itamuua kasuku wangu? Nilipitishe kwenye moto? Nilipake rangi ya fedha ling'ae? Maswali haya yamekuwa mengi, na majibu ambayo watu wameshapewa huko mitaani ni mabaya kuliko kutu yenyewe.

Kasuku mwenyewe ana kesi yake. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba ambao Burundi ni mwanachama wake, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Anayekuletea mmoja usiku kutoka ng'ambo ya ziwa amekuletea matatizo. Nawaandikia walio na ndege halali.

Tuanze na kutu, maana ndiyo inayosingiziwa. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni. Chembe zake zikimezwa, nyingi hupita tu. Wala haileti pepopunda, na nimeshachoka kuwaambia watu. Pepopunda inaletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo na samadi. Msumari wenye kutu unaogopwa kwa sababu umelala mavumbini na unachoma kidonda chembamba, kirefu, kisichofikiwa na hewa. Msumari mpya uliookotwa zizini una hatari ile ile. Kinga ni chanjo. Kumwagia kidonda mafuta ya taa si kinga ya chochote.

Mshtakiwa wa kweli ni ule mng'aro. Waya mwingi wa matundu ya bei nafuu, kama wavu wa kuku na bati la paa, ni chuma kilichotumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka, kwa joto la digrii 450 hivi. Kwenye maungio hubaki matone na vipande vyenye ncha. Baada ya miaka ya mvua na kinyesi, zinki huota unga mweupe. Kuku anaweza kuishi humo bila tabu kubwa, lakini kasuku hutembea kwa mdomo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipima nguvu za kasuku wadogo wakipanda juu wima, wakakuta mdomo unauvuta mwili kwa nguvu inayolingana na ya miguu au kuizidi. Kwa hiyo kila hatua anayopanda ni kuuma waya, na kila kipande kilicholegea ni kitu cha kuchezea ulimi.

Kinachofuata tumboni ndicho kinachonivutia zaidi. Kipande cha zinki ni kizito, hakipiti upesi na chakula. Kinanasa kwenye firigisi, ambayo kazi yake ni kusaga, huku tindikali ikishuka kutoka tumbo la juu. Tindikali inayeyusha uso wa kipande, firigisi inaukwangua, uso mpya unajitokeza, nao unayeyushwa. Punje moja inaweza kutoa sumu siku baada ya siku bila ndege kumeza kitu kingine. Zinki iliyoyeyuka huingia kwenye damu na kushambulia kongosho, ikiua seli zinazotengeneza vimeng'enya. Ndipo unapoona ndege anayekula na bado anakonda, kinyesi kimekuwa maji, mabawa yamelegea. Madini ya risasi, yaliyomo kwenye lehemu ya zamani na kwenye rangi kuukuu, yana hila nyingine: mwili huyadhania kuwa kalsiamu, ukayaruhusu kupita kwenye milango ya neva. Ndege huanza kutetemeka, au kuzungusha kichwa.

"Kasuku ana akili, hawezi kula sumu." Hili nalisikia hata kwa watu waliosoma. Alex, kasuku wa kijivu aliyekufa mwaka 2007 na aliyefunzwa na mtafiti Irene Pepperberg, alitaja rangi kwa majina na kuhesabu hadi sita. Kuhesabu na kuonja madini ni vipaji viwili tofauti.

Sasa kwa fundi, ambaye hakuna anayeniuliza habari zake. Zinki huchemka kwenye digrii 907. Moto wa kuchomelea umeizidi mbali, basi zinki ya kwenye waya hugeuka mvuke, mvuke unakutana na oksijeni, na kinachopanda ni moshi mweupe wa chembe ndogo mno, zinazoteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Hapo seli za ulinzi zinazipokea kana kwamba ni vijidudu na kutoa kemikali zile zile zinazoleta homa mtu anapougua. Saa nne hadi kumi na mbili baadaye, fundi akiwa nyumbani, anashikwa na baridi, viungo vinauma, mdomo una ladha ya chuma, joto linapanda. Kesho yake au keshokutwa amepona.

Katika mji ambao kila mtu anaijua malaria, na katika nchi iliyotangaza mlipuko wa malaria Machi 2017, homa hii itaitwa nini? Fundi anameza dawa za malaria, asubuhi amepona, dawa inapata sifa. Mwenzake anakunywa nusu lita ya maziwa, naye asubuhi amepona, maziwa yanapata sifa. Aliyelala bila kitu naye amepona, ila hakuna anayesimulia habari zake. Maziwa huenda tumboni na moshi umeingia mapafuni. Havina mahali pa kukutana. Kuna pia jambo jingine linalowachanganya: anayevuta moshi huo kila siku, mwili wake huuzoea, kinga hiyo ikapotea akipumzika siku mbili tatu, ndiyo maana homa huwapata mafundi hasa siku ya kwanza ya wiki. Basi pima malaria, usikisie, na umwambie muuguzi kwamba ulichomelea bati au waya wa zinki. Kikohozi kizito na kukosa pumzi si homa hii. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Wanaojiita madaktari wa ndege wananiudhi kuliko mafundi, kwa sababu fundi angalau anaumia mwenyewe. Mkaa wa kusagwa, wanaouza kwa faranga nzuri, haushiki zinki wala risasi ipasavyo. Metali hizo huondolewa kwa dawa maalumu za sindano au za kumeza, mkononi mwa daktari wa mifugo. Tindikali ya betri kuukuu, inayoshauriwa kwa kusafishia waya, ina risasi ndani yake. Kulipitisha tundu kwenye moto kunageuza rangi ya zamani kuwa moshi wa risasi sebuleni kwako.

La kufanya ni hili. Ukiona maua maua kama ya bati jipya, au unga mweupe ukibaki kidoleni, hiyo ni zinki: tundu la chuma cha pua ni bora, na kama huna uwezo, sugua waya nje kwa siki na brashi ngumu, ng'oa matone yote, suuza sana, ukijua umepunguza hatari tu. Javel, dawa ya klorini ya kusafishia, itumike siku nyingine, kamwe isichanganywe na siki, kwani hutoa gesi ya klorini. Rangi kuukuu ichukulie kuwa ina risasi: piga msasa ukiwa umeilowesha, watoto wakiwa mbali. Palipo lazima kuchomelea, zinki iondolewe kwanza kwa tupa. Rangi mpya iwe isiyo na risasi, na ndege asiingie mpaka harufu iishe kabisa.

Kinyesi kikavu nacho kiloweshwe kabla ya kufagiwa. Vumbi lake laweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, inayoshambulia mapafu ya watu. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya ongezeko la ugonjwa huo katika nchi kadhaa za Ulaya, vifo vitano vikiwemo. Dawa yake ipo, mradi daktari ajue kwamba unaishi na ndege.

Na wale waliouliza kama tundu lisilofaa kwa kasuku wanaweza kulitia kuku: la zinki tupu, lililosuguliwa, sina ugomvi nalo. Lenye rangi kuukuu inayobanduka, hapana. Kuku huokota maganda ya rangi, risasi ikaingia kwenye mayai, na mayai mnawapa watoto.