Je, Wajua? Kitanda cha Kwanza ni Boksi

Nchini Ufini, watoto wengi wameanza maisha wakilala ndani ya boksi la karatasi ngumu. Si ufukara. Boksi hutolewa na serikali, limejaa nguo za mtoto, shuka, kipimajoto cha maji ya kuogea, hata vazi la kukabili theluji. Chini kabisa kuna kigodoro. Ukishavitoa vitu, kitanda kiko tayari.

Mpango ulianza mwaka 1938 kwa akina mama wenye kipato kidogo. Mwaka 1949 ukawa wa wote. Ila kuna sharti, na hapo ndipo penye ujanja: mjamzito awe ameshapimwa kabla ya mwezi wa nne kwisha. Anayetaka vijinguo huanzia kliniki.

Lakini hata aliyeanza kliniki mapema, akingoja tarehe ya kujifungua aliyoandikiwa kwenye kadi, anaweza kuumbuka. Hiyo ni hesabu tu ya siku 280 tangu hedhi ya mwisho ilipoanza. Ni watoto kama 5 kati ya 100 wanaozaliwa siku hiyohiyo. Kuanzia wiki ya 37, mtoto akija hajawahi sana. Basi kanga safi na nauli ya usiku viwe tayari kabla ya hapo.

Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki hawana haraka hiyo. Kitanda huchaguliwa dukani, lakini hakiingii nyumbani mpaka mtoto azaliwe. Wanahofia kijicho. Bibi zetu wengi wangewaelewa bila mkalimani.