Je, Wajua? Kinanda Kisicho na Sauti

Je, wajua ya kuwa kinanda cha MIDI cha kuunganishwa na kompyuta aghalabu hakina sauti yake chenyewe? Kidole kigusapo kibonye, zipitazo katika waya ni nambari tu: 60, kwa mfano, ndiyo Do ya katikati, na nyingine, tangu 1 hadi 127, hueleza nguvu ya mguso. Basi akiunganishaye na programu ya muziki asisikie kitu, asidhani kimeharibika. Hana budi kukiteua kwanza katika mipangilio ya programu, kisha kuweka ala katika njia ya kurekodia na kuiwasha njia hiyo, ndipo nambari zile zigeuke udi, zumari au ngoma. Utaratibu huu wa MIDI, uliodhihirishwa hadharani Marekani mwaka 1983 kwa kuunganisha vinanda vya kampuni za Sequential Circuits na Roland, ungali watumika hadi leo.